Unga Mweusi wa Shamba la Kinu

Colonia San Dalmazzo, Córdoba, Argentina
2 Mei 1999

Mdogo wangu Remo,

Nakusalimu wewe na hao unaoishi nao, ingawa hujaniambia ni akina nani. Kadi yako ya Pasaka ilifika juzi, imegongwa mihuri mitatu na kona moja imeliwa, sijui na panya au na watu wa posta. Mistari minne, Remo. Karibu mwaka mzima tangu uondoke, halafu mistari minne, na mmojawapo unahusu hali ya hewa. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Sisi ni wazima. Nyonga inamsumbua Baba, lakini ukimuuliza anasema ni kiatu. Kiti chako mezani amekifanya cha kuwekea mguu. Sijui ni kwa ajili ya mguu kweli, au ni ili mtu mwingine asikikalie. Paa la kanisa linavuja upande wa wanaume, kwa hiyo Jumapili wote wanabanana upande wetu, na padri anasema hajawahi kuwaona waume wa kijiji hiki karibu na wake zao namna hii.

Sasa jambo lenyewe. Tumemaliza kung'oa karanga za shamba la kinu cha upepo. Mimea ilikuwa minene, ya kijani, haina doa hata moja. Ungepita barabarani ungetuonea wivu. Lakini nilipovunja ganda la kwanza sikukuta punje. Nilikuta unga mweusi, laini kama masizi ya bomba la jiko, ukanipaka vidole vyote. Ganda jingine lilikuwa na punje moja nzima na ya pili unga. Katika kila maganda kumi, mawili au matatu ni hivyo. Baba anasema ni kuoza kwa sababu ya ukame. Nimeishi na ukame miaka arobaini na sita na sijauona ukitoa masizi.

Wewe ulizunguka na mashine ya kuvuna kwenye mashamba ya watu misimu sita. Uliwahi kuona kitu kama hiki? Niandikie. Na uvuke mistari minne.

Dada yako,
Elda


Saluzzo, Piemonte, Italia
9 Juni 1999

Dada Elda,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na Baba. Mwambie akatazamwe hiyo nyonga, ila usiseme nimesema mimi.

Niko mzima. Kazi ya sasa ni kupunguza matufaha yakiwa bado madogo kama zeituni, ili yatakayobaki yanenepe. Kutwa niko juu ya ngazi nikiangusha chakula chini. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, Ginota, ana miaka themanini na mbili. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa lugha aliyotufundisha Bibi. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akaniambia, "Kijana, unaongea kama babu yangu, naye tulimzika kabla ya vita." Maneno yale ya Bibi huku yamekwisha, Elda. Nimekuja ukoo wetu ulikotoka na nimekuta mimi ndiye mzee kuliko wote.

Kuhusu karanga. Naomba unijibu haya kwa makini. Uliuona huo unga upande gani wa shamba? Karibu na lango, pale mashine inapoingilia, au ndani zaidi? Umetapakaa shamba zima au uko kwa mabaka? Na upande wa uzio wa Mzee Racca kuna nini? Usivunje maganda yaliyooza mahali pa upepo. Usimwambie Baba kwamba nimeuliza.

Majirani nao, hawajambo wote?

Remo


Colonia San Dalmazzo
22 Agosti 1999

Mdogo wangu,

Barua yako ilikaa mezani wiki sita, na sababu ni Baba. Aliteleza kwenye barafu ya asubuhi kando ya tangi la maji. Hakuvunjika, ila alilala siku kumi, na Baba akilala anakuwa kama mtoto mwenye mamlaka. Ovidio Racca alikuja kila jioni kumpokea kazi ya kulalamika. Wanakaa jikoni wanapokezana kibuyu cha chai ya yerba, wanatukana serikali, wanatukana mvua, halafu Ovidio anaondoka amefurahi. Tulikula bagna cauda, ule mchuzi wa moto wa kuchovya mkate, mara moja tu mwaka huu. Nyumba ilinuka vitunguu saumu siku tatu, nikakukumbuka wewe na mkate wako uliokuwa ukiuangusha sufuriani kila mara.

Majirani hawajambo, uliowataja na ambao umeogopa kuwataja.

Nilimleta bibi shamba bila kumwambia Baba. Ni msichana mrefu, mkimya, alichimbua udongo sehemu ishirini akautia kwenye mifuko na kuandika juu ya kila mfuko. Baba alimtazama dirishani akaniuliza, "Huyo anazika nini?" Nikamwambia, "Anafukua." Akafunga pazia.

Majibu yamekuja. Ni kuvu. Watu wanaanza kuuita ugonjwa wa makaa. Umekwishaonekana mashamba kadhaa ya mashariki, na unasogea huku kila msimu. Bibi shamba alinieleza hivi: ua la karanga likishanyauka, kijiti chake huinama na kuchoma ardhi ili kizae ganda huko chini. Hapo ndipo kuvu anapokingojea. Anaingia na kijiti, anakula punje, na mahali pake anaacha huo unga, na kila chembe ya unga ni mbegu yake. Ganda likipasuka, unga unarudi ardhini na kukaa miaka mingi, hauna haraka. Dawa ya kuusafisha udongo hakuna. Na unasafiri kwa kila kitu: upepo, matairi, mashine, mbegu, vumbi la viwanda vya kubangulia, hata viatu vyake yeye, ndiyo maana aliviosha langoni kabla ya kupanda gari.

Kwa nini uliuliza habari za lango?

Elda


Saluzzo
10 Oktoba 1999

Dada,

Tunachuma matufaha. Asubuhi ukungu ni mzito, nasikia wenzangu wakiongea kwenye miti lakini siwaoni. Ginota amenifumia soksi, moja ndefu kuliko nyingine. Nasikia vizuri sana harufu ya maganda ya karanga yanayokauka, na huku hakuna hata moja. Nadhani ni kichwa changu.

Pumzisheni shamba la kinu. Pandeni mahindi, pandeni soya, chochote. Na mbegu msitoe humo. Krismasi sitakuja, kazi ni nyingi.

Niliuliza habari za lango kwa sababu mashine huingilia hapo. Ni swali la kawaida tu.

Remo


Colonia San Dalmazzo
16 Aprili 2000

Remo,

Sisi wazima, Baba anatembea na fimbo na anaikana. Salamu nyingine utanisamehe, zimenikwama.

Shamba la kinu tulipanda mahindi kama ulivyosema. Lakini Ovidio alipanda karanga upande wake wa uzio, kama kila mwaka, na juzi ameng'oa. Nusu ya maganda yake ni unga. Nusu, Remo. Mashine ilipopita lilinyanyuka wingu jeusi ambalo nililiona kutoka jikoni nikadhani anachoma matairi.

Alikuja jioni. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kofia kichwani, yeye ambaye hajawahi kuingia humu na kofia, akamwambia Baba, "Nildo, ni mashine yenu."

Baba akasema, "Mashine gani?"

"Ya mwanao. Alitoka nayo mashariki mwaka ule wa tisini na saba, ikaingia kwako, kesho yake kwangu. Nimehesabu. Nina wiki nzima nahesabu."

"Vumbi linatoka kiwandani, Ovidio. Ukivuma upepo wa kusini linatuangukia sote. Au upepo nao ni mwanangu?"

"Upepo haukimbilii Italia," Ovidio akasema.

Baba alisimama bila fimbo. Alimwambia atoke. Marafiki wa miaka arobaini, Remo, waliobatiziana watoto, na Baba akamwonyesha mlango kama mchuuzi. Jioni siku hizi anakaa na kibuyu peke yake, anajimiminia, anajipokea.

Nakuuliza mara moja tu. Uliiosha ile mashine?

Elda


Colonia San Dalmazzo
2 Julai 2000

Remo,

Zimepita wiki kumi na moja. Yule wa posta akiniona getini anatikisa kichwa kabla sijauliza. Sikukuandikia ili nikufukuze. Hata kama jibu ni baya, lilete. Nyumba hii imechoka kunyamaziwa.

Elda


Saluzzo
13 Agosti 2000

Dada Elda,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Nimeiandika mara tano na kuichana. Hii siisomi tena, naitia bahasha.

Sikuiosha.

Aprili ya tisini na saba nilikuwa mashariki, siku ishirini nang'oa na kupura kwa watu nisiowajua. Shamba la mwisho, tangi la mashine lilijaa unga mweusi. Nilimuuliza mwenye shamba akasema ni udongo tu, udongo wao ni mweusi. Haukuwa udongo, ulikuwa mwepesi mno. Lakini redio ilitangaza mvua, na karanga za Baba zilikuwa zimelala juu ya ardhi zinangoja kupurwa. Kuiosha vizuri mashine ile, kufungua mikanda na vichungi vyote, ni siku nzima. Niliona nikipoteza siku, Baba atapoteza msimu. Nikaja moja kwa moja. Niliingilia lango la shamba la kinu saa mbili asubuhi. Baba alinipungia kofia. Nilimaliza kwetu, nikaenda kwa Mzee Racca, na mvua ilinyesha nikiwa mstari wa mwisho. Wote wawili walinisifu. Mke wa Mzee Racca alituchinjia kuku.

Mwaka uliofuata, msimu wa kung'oa, niliingia langoni kabla yenu. Nilivunja maganda nimechuchumaa. Mstari wa pili nilipata matatu meusi. Niliyafunga kwenye leso, nikaenda kuyachoma jikoni wewe ukiwa umeenda kanisani. Wiki nane baadaye nikawa kwenye ndege. Niliwaambia ni kazi, na pasipoti niliyoipata kwa ukoo wa babu, na maisha bora. Wewe uliniandalia sandwichi za salami za njiani.

Nisingeweza kukaa pale nikiungoja ujitokeze, Elda. Nisingeweza kula kwa Mzee Racca nikijua kilichomo chini ya shamba lake. Wala kumtazama binti yake Mirta usoni, na tulikuwa tumekwisha kuzungumza habari za nyumba. Sikumuaga. Nilimwambia naenda Río Cuarto kununua vipuri.

Mwonyeshe Baba barua hii, au usimwonyeshe. Uamuzi ni wako, mimi sina tena haki ya kuamua.

Remo


Colonia San Dalmazzo
1 Oktoba 2000

Remo,

Sijui nianze na salamu gani. Tuko wazima, tunakula, tunalala.

Ningekuwa karibu nawe ningekuchapa kofi, halafu ningekukumbatia, na sijui kipi kingekuja kwanza. Si kwa ajili ya mashine. Kila mtu alikuwa akivusha mashine chafu mwaka ule, hakuna aliyejua. Ni kwa ajili ya yale matatu kwenye leso. Ungesema siku ile, tusingepanda tena pale. Na kuna jambo hulijui: baada ya wewe kuondoka, mwezi wa kumi, Ovidio alipungukiwa na mbegu, Baba akampa magunia yetu ya shamba la kinu. Huenda mashine yako ilimpelekea ugonjwa kidogo. Sisi tulimpelekea kwa magunia.

Nilimsomea Baba barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza. Nilipofika kwenye leso aliniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Mimi yangu yalikuwa saba."

Sikumwelewa. Akaeleza. Majira ya baridi ya mwaka ule, wewe umekwishaondoka, alikuwa ghalani akichambua mbegu kwa mkono kama anavyopenda. Alikuta maganda saba yenye unga. Alijua mara moja yametoka wapi, kwa sababu aliikumbuka siku uliyoingia na mashine ikiwa bado na udongo wa watu kwenye matairi. Alielewa pia kwa nini umeondoka. Alijiambia akinyamaza, hakuna atakayekulaumu, na siku moja utarudi. Ovidio alipokuja kuomba mbegu alishindwa kumnyima, maana angeulizwa sababu. Akampa. Ndiyo maana alimfukuza mlangoni, Remo. Hakuwa na hasira naye.

Mmenyamaza wawili, chini ya paa moja na kisha kwa bahari nzima, kila mmoja akidhani anambebea mwenzake.

Kesho yake Baba alivaa koti la Jumapili. Nilimwambia nitampeleka kwa gari, akakataa. Alikwenda kwa miguu na fimbo, mita mia tisa, saa nzima. Nilimfuata kwa mbali kwa sababu ya nyonga. Ovidio alikuwa uani akitengeneza uzio wa kuku. Baba alimweleza yote amesimama: wewe, mashine, maganda saba, magunia.

Ovidio aliendelea kufunga waya mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Nildo, miaka arobaini nimekunywa kwenye kibuyu chako, kwa mrija uliotoka mdomoni mwako, na sijawahi kuufuta."

Baba akasema, "Najua."

"Basi rudi nyumbani. Na usirudi kwa miguu, utanifia barabarani, waseme nimekuua."

Akatupakia kwenye gari lake, akatuleta mpaka getini, akageuza bila kushuka. Baba alilia njia nzima, anasema ni vumbi.

Elda


Saluzzo
5 Novemba 2000

Dada,

Nimeisoma nikiwa kituo cha basi, nikaliacha basi likapita, na la pili nalo.

Nataka kurudi nyumbani. Sijui kama bado kuna mahali pa kurudi, lakini nataka. Usiku nahesabu milango ya nyumba yetu kutoka barabarani mpaka jikoni, na nikifika jikoni naamka.

Nimemwandikia Mzee Racca. Nimemwambia yale yale niliyokuambia, bila kupunguza. Na sasa nakuuliza waziwazi, baada ya miaka miwili ya kuzunguka: Mirta hajambo?

Remo


Colonia San Dalmazzo
11 Machi 2001

Mdogo wangu Remo,

Baba anakusalimu. Nimeandika kama alivyosema: "Msalimie." Ni neno moja, lakini lilimchukua chakula chote cha mchana kulitoa.

Mvua zimekuwa nzuri. Bibi shamba amerudi, mara hii na wenzake wawili. Wanatafuta karanga ambayo kuvu huyu hawezi kuiingia. Wana mamia ya aina, nyingine zimetoka kwa karanga za mwituni za huko kaskazini, ndogo, chungu, ambazo hakuna mtu angezila. Lakini ili wajue ipi inavumilia, wanahitaji kuzipanda mahali paovu kuliko pote. Wamepima udongo wa wilaya nzima. Mahali paovu kuliko pote ni kwetu na kwa Ovidio, pande zote mbili za uzio. Yule msichana alilisema kwa aibu, kama anatutukana. Baba alimjibu, "Angalau tumekuwa wa kwanza kwa kitu."

Wanataka uzio uondolewe, yawe shamba moja, kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo ilibidi mtu aende kwa Ovidio. Nilikwenda mimi. Barua yako ilikuwa juu ya kabati lake la vyombo, imefunguliwa, imekunjwa upya vizuri. Alinisikiliza akasema, "Uzio watautoa. Ila mashine ya kung'olea hapa haendeshi mgeni. Ataiendesha yule aliyeuleta ugonjwa, na ataiosha mbele ya macho yangu, aingiapo na atokapo, mpaka nichoke kumtazama." Nikamuuliza kama hiyo ni adhabu au ni mwaliko. Akasema, "Mwambie aje, atajua mwenyewe."

Sasa Mirta. Uliniuliza mwezi wa kumi na moja, na mimi nimekaa na swali lako miezi minne, nikiwalaumu nyinyi wawili kwa kunyamaza. Mirta aliolewa Septemba ya tisini na tisa, na mwalimu wa Río Cuarto. Ana mtoto wa kike. Alikungoja mwaka mmoja, najua kwa sababu alikuwa akija kwangu kuuliza kama umeandika, na mimi nilikuwa na mistari minne tu ya kumwonyesha. Siku aliyoacha kuja nilijua.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa ukijua hutakuwa na sababu ya kurudi. Nilitaka uwe nayo, hata kama ni ya uongo. Sikudhani kwamba mimi na Baba tunatosha.

Nisamehe ukiweza.

Elda


Saluzzo
29 Aprili 2001

Dada Elda,

Siku nne sikuandika. Nilipogoa miti vibaya mpaka msimamizi akaniteremsha kwenye ngazi. Jioni Ginota aliniwekea supu, akanisogezea mkate.

Mirta alifanya vizuri. Naandika hivyo na nitaendelea kuandika mpaka mkono uzoee.

Nina mkataba mpaka mavuno yaishe. Mwezi wa kumi, kabla ya kupanda, nitakuwa huko. Usije kunipokea uwanja wa ndege, nitapanda basi.

Mnatosha, Elda. Mlitosha tangu zamani.

Remo


Colonia San Dalmazzo
14 Aprili 2002

Kwa Dada Elda, anayemuuguza Baba, wodi ya wazee, hospitali ya Río Cuarto

Dada,

Nimezoea kukuandikia, kwenye simu sijui kusema. Baba anaendeleaje na nyonga mpya? Mwambie ng'ombe wote wako salama na yule mwekundu amezaa. Mwambie pia nimekiona alichokificha nyuma ya pipa ghalani, ile mirija mipya miwili ya yerba, na sitamwambia mtu.

Majirani wananiuliza kila siku kama nimerukwa na akili. Vijana wa hapa wanapanga foleni ubalozini ili waende nilikotoka, na mimi nimerudi kuosha mashine. Siwajibu. Mtoto wa jirani Gastaldi ameniomba anwani ya Ginota, nikampa, na nikamfundisha salamu za Bibi ili ampe mzee wa watu sababu ya kucheka.

Jana tulianza kung'oa shamba la majaribio. Niliiosha mashine toka alfajiri mpaka saa tano. Mzee Racca alileta kigoda chake, akakaa, akapitisha kidole kwenye kila mkanda na kila kichungi. Mara mbili alinirudisha. Hakuongea neno lisilohusu mashine. Kisha tukaingia.

Ni mistari mia tatu, kila mmoja na kijiti chenye namba. Bibi shamba anainua mmea mashine ilikopita, mimi navunja maganda, Mzee Racca anahesabu kwa sauti, mmoja wa wale vijana anaandika. Mistari ya mwanzo yote ilikuwa kama ulivyoniandikia mara ya kwanza. Nane meusi kati ya kumi. Sita. Tisa. Vidole vyangu havijatakata mpaka sasa. Nilifikiri: nimevuka bahari kuja kuhesabu nilichofanya, ganda kwa ganda, mbele ya mtu niliyemfanyia.

Mstari wa mia moja na arobaini, ganda la kwanza lilikuwa na punje mbili nyekundu. La pili vilevile. Ilikuwa imetokea tayari kwenye mistari mingine na kuharibika kwenye ganda la tatu. Nikavunja kumi. Ishirini. Mzee Racca aliacha kuhesabu kwa sauti, akapiga magoti upande wa pili akaanza kuvunja yeye. Tulimaliza mmea mzima, kisha wa pili, kisha wa tatu. Safi. Punje ni ndogo, mbaya kwa sura, hakuna kiwanda kitakachozinunua. Bibi shamba alisema tusifurahi, ni msimu mmoja, ni mstari mmoja, kuna miaka kumi ya kazi mbele, pengine zaidi. Aliyasema hayo huku ameshika kile kijiti cha namba kwa mikono miwili.

Mzee Racca alitafuna punje moja, akatema ngozi yake. "Chungu," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Kesho uwahi. Na ule mkanda wa kushoto ulikuwa bado na uchafu, nilikuacha tu kwa sababu njaa iliniuma." Alipofika kwenye gari lake aligeuka akaniuliza Baba anatoka hospitali lini. Nikamwambia Alhamisi ijayo, Mungu akipenda. Akasema Alhamisi hana kazi.

Mirta alipita Jumapili na mtoto kumwona baba yake. Alisimamisha gari kando ya shamba. Tulisalimiana. Mtoto ana meno manane. Mirta alikuwa akinitazama usoni, na nikaweza kumtazama. Kisha wakaenda, nami nikarudi kwenye mashine. Ilikuwa hivyo tu.

Nimepaka chokaa chumba cha Baba. Kiti changu kinamngoja yeye aweke mguu, usije ukakisogeza, mimi nakaa kwenye benchi. Jioni nikitoka shambani nawasha taa ya jikoni, nachemsha maji, nakaa nikisikiliza kama kuna gari linakata kona ya barabara. Halikati. Nanyanyuka nazunguka vyumba, narudi. Umefanya hivi miaka mitatu na nusu, na katika barua zote zile uliniandikia paa la kanisa, na nyonga, na vitunguu saumu.

Nyumba hii ni kubwa sana kwa mtu anayengoja, Elda. Hukuwahi kuniambia.

Mdogo wako,
Remo